Sura ya Sita: Kumfundisha Mbwa Mdogo Kuitika Wito

Mbwa anayeendelea kunusa ukuta huku jina lake likiitwa kwa mara ya sita amelisikia tangu mara ya kwanza. Masikio yake hunasa sauti hadi kiasi cha hezi 45,000, ilhali binadamu mwenye masikio mazima huishia karibu na hezi 20,000. Uziwi si tatizo lake. Kinachokosekana ni sababu ya kuuacha ukuta. Kumfundisha mbwa kuja anapoitwa ni kazi ya kuijenga sababu hiyo, kidogo kidogo, mpaka kuja kuwe mazoea yasiyohitaji kufikiriwa. Mbwa hajui maana ya neno analoitiwa. Anachokijua ni jambo ambalo kwa kawaida hufuata baada ya neno hilo, na mwenye kuliamua jambo hilo ni mtu anayeita.

Mbwa anavyolielewa neno

Mwanafiziolojia wa Urusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa usagaji wa chakula, alibaini kwamba mbwa wa maabara yake walidondokwa na mate kabla hata chakula hakijawafikia. Ishara yoyote iliyotangulia chakula mara nyingi ilitosha kuwatoa mate. Miongoni mwa ishara alizozitumia ni mdundo wa metronomu, kifaa ambacho wanamuziki hukitumia kupimia mwendo. Metronomu haina harufu wala ladha, lakini kwa mbwa wale ilikuwa habari njema. Neno "njoo" nalo huanza hivyo hivyo, likiwa sauti tupu, na hupata uzito kutokana na kile linachokitangulia.

Nchini Marekani, Edward Thorndike alionyesha mwaka 1898, kwa kutumia paka waliofungiwa katika visanduku vyenye komeo, kwamba kitendo kinacholeta matokeo mazuri hurudiwa, na kisicho na faida hufifia. B. F. Skinner aliiendeleza hoja hiyo katika karne ya 20, na sehemu kubwa ya mafunzo ya mbwa ya leo imesimama juu yake.

Kutokana na kazi hizo hupatikana kanuni mbili. Ya kwanza ni mpangilio: neno litangulie, zawadi ifuate. Mtu anayepunga kipande cha nyama kwanza ndipo aite humfundisha mbwa kuifuata nyama, na siku mkono ukiwa mtupu mbwa haji. Kanuni ya pili ni wepesi: zawadi itolewe ndani ya sekunde moja au mbili baada ya mbwa kufika. Ikichelewa, mbwa atakuwa ameshaketi, amejikuna au amegeuka, na atadhani kwamba analipwa kwa hayo.

Upekee wa mbwa mdogo

Udogo wa mwili haumaanishi unyonge wa nia. Mbwa wengi wadogo wametokana na koo zilizozalishwa kwa kazi za kujiamulia. Jack Russell, aliyepewa jina la kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, katika karne ya 19, alitakiwa kumfuata mbweha hadi ndani ya shimo na kumfurusha. Dachshund wa Ujerumani aliingia katika mashimo ya wanyama wachimbaji, mahali ambapo mwindaji hawezi kumwona wala kumwelekeza. Mbwa wa namna hiyo alithaminiwa kwa kuamua peke yake gizani, na ukoo wake ukiona panya akikatiza uani, wito wa binadamu huwa jambo la pili. Mbwa wa kuchunga kondoo ni kinyume chake, kwani yeye alichaguliwa kwa vizazi vingi kwa sababu humtazama mchungaji na kungoja ishara.

Kimo nacho kina athari. Mbwa mwenye urefu wa sentimita 25 begani anapoitwa na mtu mzima aliyesimama wima na kumwinamia, huona mnara ukimwangukia. Wengi husimama hatua mbili tatu kabla ya kufika, au huzunguka nyuma. Tena, mbwa wadogo hunyanyuliwa sana. Anayeitwa na kubebwa kila mara, huku mchezo wake ukikatizwa, hujifunza upesi kukaa mbali na mikono.

Lipo pia suala la malezi. Mbwa mkubwa asiyeitika wito huonekana ni hatari na hufundishwa. Mdogo akifanya hivyo huchekewa, kwa kuwa anaweza kukimbizwa na kukamatwa. Lakini pikipiki inayopita langoni haibagui, na kwa dereva mbwa mdogo ndiye mgumu zaidi kuonekana.

Kuchagua neno

Katika nyumba ya Waswahili, "njoo" ni neno la kutwa. Mtoto huitwa njoo ule, mgeni huambiwa njoo ndani, jirani huitwa njoo uone. Mbwa aliyelala barazani hulisikia mara nyingi bila lolote la kumhusu kutokea, na hatimaye hulichukulia kama kelele za nyumba. Hali huwa mbaya zaidi pale baba anaposema "njoo", mlinzi "kuja", na watoto wakatumia Kiingereza walichokipata shuleni.

Ni heri kuchagua neno fupi lisilotumika sana nyumbani, au mluzi wa namna moja, kisha kila mtu wa nyumba akubali kulitumia hilo tu. Mluzi una faida ya kutobadilika kwa hasira wala uchovu wa mwitaji. Umbo la sauti nalo lina uzito. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, mwanasayansi wa Marekani Patricia McConnell aliona kwamba watoto wa mbwa walivutwa kuja na milio mifupi inayorudiwa na kupanda juu kuliko mlio mmoja mrefu unaoshuka. Kwa hiyo "tip-tip-tip" nyepesi humleta mbwa mahali ambapo "njoooo" nzito ya kukaripia humfanya asite.

Jina la mbwa na wito ni vitu viwili tofauti. Jina humwambia mbwa atazame. Wito humwambia aje. "Popi" peke yake si agizo.

Zawadi na vifaa

Zawadi ya kuanzia iwe chakula ambacho mbwa hakipati wakati mwingine wowote: kuku wa kuchemshwa asiye na ngozi wala mfupa, ini au firigisi iliyoiva, au dagaa wakavu wasiotiwa chumvi. Ugali alioula asubuhi hauna mvuto wa kushindana na panya.

Kipimo kinahitaji uangalifu, kwa sababu tumbo la mbwa mdogo hujaa haraka. Kanuni inayotumiwa na madaktari wengi wa mifugo ni kwamba vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku. Kwa mbwa mzima wa kilo 3, asilimia hiyo ni takriban gramu 15 za kuku wa kuchemshwa. Zikikatwa vipande vidogo, hutoka takriban vipande 30, na hivyo vinatosha mafunzo ya siku nzima. Mbwa hahesabu uzito wa kipande. Kwake kilicho muhimu ni kwamba kipande kimekuja. Chokoleti, zabibu, vitunguu na peremende zenye zailitoli, kitamu cha kubadili sukari, ni sumu kwa mbwa, na mwili mdogo hudhurika kwa kiasi kidogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, nayo pia haifai.

Kifaa cha lazima ni kamba nyepesi ya mita 5 hadi 10. Ifungwe kwenye mkanda unaozunguka kifua, kamwe si wa shingoni. Njia ya hewa ya mbwa wadogo ni laini, na baadhi ya koo zina udhaifu wa kurithi unaoifanya ijikunje; mvuto wa ghafla shingoni huleta kikohozi na madhara ya kudumu. Kamba nzito ya kufungia ng'ombe humchosha mbwa wa kilo 3 na kumkumbusha kila hatua kwamba amefungwa.

Hatua ya kwanza: ndani ya nyumba

Mafunzo yanaweza kuanza mbwa akiwa na wiki nane. Watafiti wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 1965, walionyesha kwamba takriban wiki ya 3 hadi ya 12 ndicho kipindi ambacho mtoto wa mbwa hujenga uhusiano wake na viumbe wanaomzunguka. Ni umri wa samaki mbichi anayekunjika. Mbwa ambaye hajakamilisha chanjo asitolewe kwenda mahali wanapopita mbwa wengine, kwa hofu ya ugonjwa wa parvo na kichaa cha mbwa, lakini hilo halizuii chochote, maana hatua hii hufanyika sebuleni.

Siku mbili au tatu za mwanzo mbwa hatakiwi kutembea kokote. Mfunzaji huketi karibu naye, hutamka neno mara moja, na papo hapo humpa kipande. Hufanya hivyo mara kumi, kisha hupumzika. Mbwa anapogeuka ghafla kwa kusikia neno, kama aliyeambiwa chakula kiko tayari, neno limeanza kuwa na uzito.

Kisha mfunzaji husogea hatua mbili, huchuchumaa, hugeuza bega kidogo ili asimkabili mbwa uso kwa uso, na huita mara moja. Zawadi hutolewa chini, karibu na miguu ya mfunzaji, si kwa mkono ulionyooshwa mbele. Wakati mkono mmoja unatoa kipande, wa pili hushika mkanda wa mbwa kwa upole na kuuachia. Jambo hili dogo mara nyingi husahauliwa. Mbwa wengi hufika hadi urefu wa mkono kisha huruka pembeni, kwa sababu hawakuzoeshwa kwamba kushikwa ni sehemu ya kufika. Mbwa anayekuja bila kushikika bado hajaja.

Vipindi viwe vifupi, dakika tatu mara tatu kwa siku, na viishe mbwa akiwa bado anataka. Familia inaweza kukaa duara na kumwita kwa zamu, kila mmoja akiwa na vipande vyake. Kwa njia hiyo mbwa hujifunza kwamba neno lina thamani ile ile katika kinywa cha mtoto na cha bibi.

Hatua ya pili: uani

Mbwa anayejua wito sebuleni hajui kwamba ni wito ule ule uani. Sehemu mpya yenye harufu mpya humrudisha nyuma, na mfunzaji naye hurudi nyuma pamoja naye: umbali wa hatua mbili, zawadi bora, neno mara moja. Kipimo kinachofaa ni mara kumi. Mbwa akija mara nane au tisa kati ya kumi, umbali uongezwe. Akija mara tano, upunguzwe. Umbali na vishawishi havipandishwi kwa wakati mmoja. Siku ya kuongeza hatua kumi iwe siku ya uwanja mtulivu, na siku ambayo kuku wa jirani wanaparua karibu, mfunzaji asogee hadi hatua tatu.

Kamba ndefu huvaliwa kuanzia hapa. Kazi yake si kumvuta mbwa, kwani mbwa aliyevutwa hajajifunza kuja, amejifunza kuvutwa. Kamba huzuia tu kosa lisizae faida: mbwa aliyeitwa akachagua kumkimbilia mjusi asimfikie mjusi. Mfunzaji hushika kamba, hungoja, na mbwa anapogeuza kichwa hata kidogo humsifu na kurudi nyuma kwa hatua za haraka. Mbwa kwa asili hufuata kinachoondoka kuliko kinachomjia.

Hatua ya tatu: vishawishi

Si kila zawadi ni chakula. Mwanasaikolojia wa Marekani David Premack alieleza kwamba jambo ambalo mnyama hulipenda zaidi linaweza kutumika kulipa jambo asilolipenda sana. Mbwa aliyeitwa akiwa ananusa shimo la panya, akaja, anaweza kulipwa kwa kuruhusiwa kurudi kwenye lile shimo. Malipo hayo hayazidiwi na nyama, na yana faida nyingine: mbwa huona kwamba kuitika hakukatizi starehe. Kati ya miito kumi ya uani, tisa iishie kwa "haya, nenda".

Vishawishi hupangwa kama ngazi, kuanzia mtu anayepita mbali, hadi mtoto mwenye mpira, mbwa mwingine nyuma ya uzio, na mwishowe paka anayekimbia. Kila kidato huchukua siku kadhaa. Kamba haivuliwi hadi mbwa aje bila kukosa katika vidato vyote, na hata hapo huvuliwa kwanza ndani ya eneo lenye uzio.

Zawadi za chakula zinaweza kupunguzwa mbwa akishazoea, bila kukomeshwa. Uchunguzi wa Skinner ulionyesha kwamba tabia inayolipwa mara moja moja, bila utaratibu unaotabirika, hudumu kuliko inayolipwa kila mara kisha malipo yakakatwa. Siku nyingine iwe sifa tu, nyingine kipande kimoja, na nyingine vipande vitano mfululizo.

Makosa yanayoliua neno

Kosa la kwanza ni kuita kwa ajili ya jambo baya. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mbwa huachiliwa usiku na hufungiwa bandani asubuhi. Akiitwa kila alfajiri ili afungiwe, wito huwa tangazo la kifungo. Vivyo hivyo kwa kuogeshwa, kukatwa kucha na kudungwa sindano. Dawa yake ni kumfuata mbwa alipo na kumchukua bila kuita, au kumpa chakula cha asubuhi ndani ya banda ili aingie kwa furaha. Pia aitwe mara kadhaa usiku, alipwe na kuachiliwa, ili wito wa kufungiwa uwe mmoja kati ya mingi.

Kosa la pili ni kumwadhibu mbwa aliyechelewa. Mbwa aliyekimbia nusu saa kisha akarudi mwenyewe na kuchapwa hahusishi kiboko na kukimbia. Tendo lake la mwisho lilikuwa kurudi, na ndilo lililochapwa. Hata akija na uso wa aibu, uso huo ni wa hofu ya sauti ya mwenyewe, si majuto. Anayefika, hata akichelewa kiasi gani, hupokewa vizuri.

Kosa la tatu ni kurudia neno. "Njoo, njoo, njoo wewe, nimesema njoo" humfundisha mbwa kwamba wito wa kweli ni ule wa nne, unaotolewa kwa ukali. Neno litolewe mara moja. Mbwa asipokuja, mfunzaji aende karibu, apige kofi mapajani au akimbie kurudi nyuma, kisha siku inayofuata aanze kwenye kidato cha chini. Kanuni yenye manufaa ni kutoita kabisa pale ambapo ni dhahiri mbwa hatakuja.

Neno likishachakaa kwa makosa haya, ni rahisi zaidi kulitupa kuliko kulisafisha. Mbwa huanzishiwa neno jipya au mluzi, kutoka sebuleni, kana kwamba hajawahi kuitwa.

Umri wa ukaidi

Mbwa aliyeitika vizuri akiwa na miezi mitano huweza kuonekana amesahau kila kitu akiwa na minane. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, ulioongozwa na Lucy Asher, ulionyesha kwamba mbwa wa umri huo humtii mlezi wao kidogo kuliko walipokuwa na miezi mitano, ilhali mtu mgeni bado walimtii. Ni balehe, na hupita. Majike hupata joto na madume hufuata harufu iliyo mbali, hivyo kamba hurudishwa kwa miezi kadhaa na zawadi hupandishwa hadhi. Nyumba inayokata tamaa wakati huu hupoteza kazi yote ya utotoni.

Mbwa akichomoka langoni

Mbwa aliyetoka mbio barabarani hapaswi kukimbizwa. Miguu ya binadamu nyuma yake humwambia kwamba mchezo umeanza, na mbwa mdogo hupenya mahali ambapo mtu hawezi. Kinachofaa ni mwenyewe kusimama, kuita mara moja kwa sauti ya furaha, kisha kukimbia kuelekea nyumbani au kuchuchumaa na kuparua ardhi kana kwamba amepata kitu. Baadhi ya wafunzaji humwekea mbwa neno la pili la dharura, lisilotamkwa ila mara moja kwa wiki, na ambalo kila linapotamkwa hulipwa kwa sahani nzima ya nyama. Neno hilo halitumiki kwa jambo jingine lolote.

Kudumisha wito

Wito usiolipwa hufifia, hata kwa mbwa wa miaka sita. Miito miwili mitatu kwa siku, isiyo na sababu yoyote, ikifuatwa na kipande kidogo, inatosha kuuhifadhi. Mbwa wadogo huishi miaka mingi, wengi wakivuka 12, na baadhi yao hupoteza usikivu uzeeni. Kwa hiyo ni busara kuambatanisha neno na ishara ya mkono tangu mwanzo, kwa mfano mkono ulioinuliwa juu kisha ukashushwa hadi pajani, na usiku mwanga wa tochi uliopepeswa chini. Masikio yakizeeka, mbwa aliyezoea kutupia jicho alipo mwenyewe ataiona ishara, naye atakuja kama alivyokuja siku zote.